Hesabu ya Mtihani Ianzie Darasa la Kwanza

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Septemba, watoto wa Darasa la Saba nchi nzima huketi kwa siku mbili, kila mmoja peke yake mbele ya karatasi yake, nao wazazi wao hushinda mashambani na makazini wakiwa na mioyo mizito. Majuma machache baadaye matokeo hutangazwa, na hapo kelele huanza. Shule iliyopanda husifiwa, shule iliyoshuka hulaumiwa, mwalimu mkuu huitwa kujieleza, na kila mwenye sauti husema lake. Kisha kelele hunyamaza, na shule husahauliwa mpaka Septemba nyingine.

Desturi hii haifai. Mtihani wenyewe hauna kosa, kama vile mizani isivyokuwa na kosa kwa kupima gunia. Kosa ni letu sisi tunaoitazama mizani siku moja, na shamba tusilitembelee mwaka mzima. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa kuitazama Bujonde, kata moja ya Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Twaichagua kwa sababu katika bonde lile mambo yanayoamua alama za mtoto huonekana waziwazi kuliko mijini.

Mtu atokaye Mbeya kwa barabara ya Tukuyu huiacha baridi ya Rungwe pamoja na mashamba yake ya chai na migomba, akateremka zaidi ya mita 1,000 mpaka akafika kwenye joto la tambarare ya Kyela. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka toka milimani, ikapita tambarare hiyo na kumwaga maji yake ziwani. Mito hiyo ndiyo iliyoleta udongo wenye rutuba, na udongo huo ndio uoteshao mpunga uliolipa jina la Kyela sifa katika masoko ya Tanzania nzima. Kakao ipo, michikichi ipo, na samaki wa ziwani wapo. Nchi hii si nchi ya njaa. Basi mtu akiuliza kwa nini mtoto wa nchi yenye neema namna hii ashindwe katika mtihani, jibu moja ni kwamba neema yenyewe ina gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mtoto.

Masika ya huku ni makubwa. Kuanzia Machi mpaka Mei mito hujaa, na mara nyingine hupita kingo zake ikaingia mashambani na majumbani. Mtoto mdogo wa Darasa la Kwanza au la Pili ambaye njia yake ya shule imefunikwa na maji hubaki nyumbani, wala mzazi mwenye akili hawezi kulaumiwa kwa kumzuia. Maji yakianza kupungua, mpunga nao umekwisha kutoa masuke, na ndege wamekwisha fika. Sasa mkono wa mtoto unatakiwa shambani: kuamia ndege, kisha kuvuna, kisha kuanika na kulinda. Hakuna mzazi hapo anayesema kwamba anaichukia elimu. Kila mmoja asema, ni siku mbili tatu tu.

Tuzihesabu siku hizo mbili tatu. Mwaka wa shule katika Tanzania una siku 194 za masomo. Mtoto akikosa siku 3 katika kila juma kwa muda wa majuma 10 ya masika na mavuno, amepoteza siku 30. Akifanya hivyo kila mwaka tangu Darasa la Kwanza hata la Saba, amepoteza siku 210, yaani zaidi ya mwaka mmoja mzima wa shule. Mtoto huyo ataingia katika chumba cha mtihani pamoja na mwenzake wa mjini, karatasi moja, saa moja, maswali mamoja. Mmoja amesoma miaka saba, mwingine amesoma miaka sita isiyotimia. Matokeo yakitoka tutasema kwamba mwalimu wa Bujonde ni mvivu, na huku daftari la mahudhurio limelala kabatini, lina ushahidi wote, wala hapana aliyelifungua.

Yafaa sasa tuutazame mtihani wenyewe, maana watu wengi huugombania bila kuujua. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi yetu kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971. Kabla ya hapo, katika utawala wa Waingereza, mtoto wa Kiafrika aliwekewa vizuizi viwili katika shule ya msingi, kimoja Darasa la Nne na kingine Darasa la Nane. Kazi ya mitihani ile ilikuwa kupunguza watu. Nafasi zilikuwa chache mno, na mtihani uliwekwa mlangoni kama bawabu.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba watoto 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, nayo shule nzima ilikuwa ikiendeshwa kwa ajili ya hao wachache. Akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na mtihani usitukuzwe kupita kiasi. Katika Azimio la Musoma la mwaka 1974 ikaamuliwa kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wapatiwe elimu ya msingi ifikapo 1977. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ukaondoa ada na kujenga madarasa kwa maelfu. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa hata katika sekondari za Serikali mpaka Kidato cha Nne, na kata kwa kata shule za sekondari zimejengwa.

Kwa hiyo bawabu wa zamani hana tena kazi ile ile. Mwaka 2012 watahiniwa waliofaulu Darasa la Saba walikuwa kama 31 katika kila 100. Mwaka 2013 walikuwa karibu 51. Mwaka 2016 walikuwa 70. Na mwaka 2024 walikaribia 81. Mtu akizisoma tarakimu hizi upesi upesi ataona kwamba Taifa limepanda mlima mkubwa katika muda wa miaka kumi na miwili. Kupanda kumekuwapo, na walimu wetu wanastahili heshima kwa hilo. Lakini hapana budi tuulize: kilichopanda ni nini?

Tangu mwaka 2021 mtoto hufanya masomo sita, kila somo alama 50, jumla alama 300. Akipata alama 121 amepata daraja C, naye amefaulu. Maana yake ni kwamba mtoto aliyepata mbili ya tano ya alama zote huhesabiwa kuwa amefaulu. Tena, tangu 2012 sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua: mtoto hutia kivuli katika herufi moja miongoni mwa tano, na mashine huisoma karatasi yake. Asiyejua lolote, akitia kivuli kwa kubahatisha tu, kwa wastani atapata swali moja katika kila matano. Basi katika maswali ya namna hiyo, mtoto anayeijua robo tu ya kazi, na zilizobaki akabahatisha, aweza kuifikia mbili ya tano. Hatusemi haya kumdharau mtoto aliyefaulu. Twayasema ili mzazi ajue kwamba neno "amefaulu" lina daraja nyingi ndani yake, na kwamba C ya alama 121 na A ya alama 241 zote huingia katika asilimia moja ya shule.

Wala haya si mawazo matupu. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilieleza kwamba watoto zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa kitaifa wa kusoma uliofanywa kwa watoto wa Darasa la Pili uligundua kwamba 8 tu katika kila 100 ndio waliofikia kiwango cha kusoma kwa kuelewa. Ilikuwa ni kengele ya hatari, na Serikali iliisikia: mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulibadilishwa ili muda mwingi zaidi utumiwe katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Walioufanya mabadiliko hayo walijua siri hii, kwamba mtihani wa Darasa la Saba huamuliwa katika Darasa la Pili. Mtoto asiyeweza kusoma swali hawezi kulijibu, hata angekuwa na akili kama ya nani.

Iko na hatari nyingine katika asilimia, nayo ndiyo kubwa zaidi kwa shule za vijijini. Tuchukue mfano wa shule moja isiyo na jina. Watoto 100 wanaanza Darasa la Kwanza. Miaka saba baadaye 60 ndio wanaofanya mtihani, na 48 kati yao wanafaulu. Asilimia ya shule ni 80, na shule inasifiwa. Mwaka wa pili mwalimu mkuu, kwa kuogopa aibu, anawarudisha nyuma watoto dhaifu, na wengine wanaachwa watoroke bila kuulizwa. Wanaofanya mtihani ni 40, wanaofaulu ni 36. Asilimia imepanda, sasa ni 90! Lakini watoto waliofaulu wamepungua kutoka 48 hadi 36. Shule imepata sifa kwa kuwapoteza watoto kumi na wawili.

Msomaji asidhani kwamba mfano huu ni wa kutunga tu. Mwaka 2013, katika mpango uliojulikana kama Matokeo Makubwa Sasa, shule zote ziliwekewa malengo ya ufaulu na kupangwa hadharani kwa daraja. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walizichunguza athari za mpango huo, na maandishi yao yakachapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Lakini waliona pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika katika darasa la mwisho. Aibu ya hadharani ilimwamsha mwalimu, lakini papo hapo ilimfunza kumficha mtoto mnyonge. Ndiyo sababu twaona Baraza la Mitihani lilifanya vema lilipoacha, mwezi Januari 2023, kuzitangaza shule kumi bora. Kuilinganisha shule ya Serikali ya bondeni, ambayo haichagui mtoto wala haimkatai, na shule ya bweni ya kulipia inayowapokea watoto kwa usaili, ni kuwashindanisha mkimbiaji na mpanda baiskeli.

Liko jambo la lugha pia. Katika nyumba nyingi za Kyela mtoto hukua akisema Kinyakyusa, na si aibu, ni lugha ya mama yake. Afikapo shuleni hukutana na Kiswahili cha vitabu. Mtoto wa Dar es Salaam au wa Tanga huanza safari hiyo akiwa amekwisha fika nusu ya njia. Mtoto wa Bujonde huhitaji mwaka wa kwanza na wa pili kuliko mtoto mwingine yeyote, na miaka hiyo miwili ndiyo anayokosa sana shule kwa sababu ya maji. Kisha akifaulu Darasa la Saba kwa Kiswahili, Kidato cha Kwanza humngoja kwa Kiingereza. Asiyeshika vizuri daraja ya kwanza ataivukaje ya pili? Tulikwisha ona jibu chungu la swali hilo katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, pale matokeo yake ya kwanza yalipoonyesha kwamba karibu watahiniwa sita katika kila kumi wamepata daraja sifuri.

Wako watakaosema kwamba dawa ni fedha. Fedha yatakiwa, hapana ubishi. Kiwango cha ruzuku kwa kila mtoto kilipowekwa mwaka 2002 kilikuwa dola 10 za Marekani kwa mwaka, na tangu hapo shilingi imepungua nguvu sana. Kwa kanuni ya Serikali, mwalimu mmoja wa shule ya msingi hupaswa kuwa na watoto 45, na yeyote aliyeingia katika darasa la kijijini anajua jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa. Lakini yafaa tujue kwamba fedha peke yake haitoshi. Mwaka 2013 na 2014 ulifanywa uchunguzi katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania. Shule nyingine zilipewa fedha za matumizi, nyingine walimu wao waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto atakayejua kusoma na kuhesabu, na nyingine zilipewa vyote viwili. Zilizopewa fedha tupu hazikupandisha kiwango cha watoto. Zilizopata fedha pamoja na tuzo kwa mwalimu ndizo zilizopanda vizuri. Fundisho lake ni jepesi: chaki na vitabu vyataka mtu mwenye sababu ya kuvitumia, na mtu mwenye sababu ataka chaki na vitabu mkononi.

Sasa tugeukie kwetu wenyewe, maana lawama ni rahisi na kazi ndiyo ngumu. Wanachama na wafanyakazi ndio wanaoketi katika Kamati za Shule, katika halmashauri za vijiji na katika mikutano ya wazazi. Kama wao hawataibadili hesabu, hapana mtu mwingine atakayeibadili. Twaona yako mambo matatu yasiyohitaji mfadhili wala barua kutoka Dodoma.

La kwanza, daftari la mahudhurio lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji kila mwezi, hasa mwezi wa Aprili, Mei na Juni. Majina ya watoto yasitajwe kwa kuwaaibisha, zitajwe idadi. Darasa la Kwanza wako wangapi, wamekuja wangapi, na njia ipi imefungwa na maji. Mahali ambapo watoto hawawezi kupita, kijiji chaweza kutengeneza kivuko cha magogo au kumpanga mtu mzima awavushe. Siku za kuamia ndege, kaya jirani zaweza kuunganisha zamu za watu wazima. Watu wa Kyela wanajua kulima kwa kusaidiana. Hawashindwi kuamia ndege kwa kusaidiana.

La pili, kila mwisho wa mwaka Kamati ya Shule iulize swali moja tu kuhusu Darasa la Pili: ni watoto wangapi wanaoweza kusoma ukurasa mmoja wa hadithi na kuieleza? Mzazi yeyote ajuaye kusoma aweza kulishuhudia jambo hili kwa masikio yake. Haihitaji mashine wala fomu. Wasioweza wapewe mwalimu na saa ya ziada mara moja, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Kungoja Darasa la Saba ndipo tuanze kambi za usiku ni kumlisha ng'ombe siku ya kumpeleka mnadani.

La tatu, shule ipimwe kwa watoto walioanza, si kwa waliofanya mtihani tu. Matokeo yakitoka, mwenyekiti wa kamati asimame aseme: miaka saba iliyopita tulipokea watoto kadha, kadha wamehama, kadha wameacha, kadha wamefanya mtihani, kadha wamefaulu, na katika hao kadha wamepata A na B. Hesabu hiyo haidanganyiki kwa urahisi. Mwalimu aliyemfikisha mtoto mnyonge katika daraja C atapata sifa yake, na aliyewapoteza watoto ataulizwa walikokwenda.

Tena wakati wa kuzoea hesabu hii ni sasa. Sera mpya ya elimu, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2025, inaifanya shule ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Watoto wetu watakwenda mbele mwaka mmoja mapema. Bawabu wa mlangoni anaondoka kidogo kidogo. Wengine watafurahi wakadhani kwamba shida imekwisha. Lakini mtoto asiyejua kusoma hafaidiki kwa kufunguliwa mlango. Ataingia ndani akae kimya nyuma ya darasa, miaka minne zaidi, akihesabiwa kila mwaka kuwa ni mwanafunzi. Mtihani wa Darasa la Saba, pamoja na kasoro zake, ulikuwa ukitushtua mara moja kwa mwaka. Ukiondoka, ni nani atakayetushtua?

Mkulima wa Bujonde hangoji siku ya mavuno ndipo alitazame shamba lake. Hulitazama maji yanapopanda, magugu yanapoota na ndege wanapotua. Akiona mahali pamepungua miche, hupandikiza upya kabla mwaka haujapita. Yeye hahitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba gunia la Julai hutengenezwa Januari. Akiichukua akili hiyo hiyo na kuipeleka shuleni, akaketi katika kamati, akalifungua daftari na kuuliza ni watoto wangapi wa Darasa la Pili wanaosoma, Septemba haitamtia hofu.